Risasi iliyogoma si maiti!

Na Mwandishi wa Kujitegemea, Mbagala

Ndugu msomaji, kabla hujafungua ukurasa wa michezo, nijibu swali moja. Mtu amevuta kifyatulio cha bunduki. Bunduki ikasema "ka!" halafu kimya. Je, risasi iliyomo ndani imekufa, au imelala?

Swali hili nililiuliza kijiweni kwetu Mbagala. Tulikuwa vijana saba kwenye benchi la muuza kahawa. Watano walisema imekufa, tupa kule. Mmoja akasema imelala. Wa saba, fundi pikipiki ambaye huwa hasemi mpaka aguswe, akasema: "Hiyo inategemea bahati ya aliyeishika." Wote tukacheka. Lakini nilipofika nyumbani kicheko kilikwisha. Kati ya vijana saba wa mji mkubwa kama huu, wenye vidato vyetu na simu zetu mfukoni, watano wangeweza kujiua au kumuua jirani bila kujua wanachofanya.

Mimi sijifanyi mjuzi. Niliishia kidato cha nne na gwanda la jeshi sijawahi kulivaa. Haya ninayokuandikia nimeyapata kwa kuwauliza wanaojua, askari wastaafu na mafundi wa silaha, na mengine nimeyapata kwa kukulia hapa Mbagala, mahali ambapo mabomu hayasimuliwi kama hadithi ya vita vya ng'ambo.

Jicho kwenye mtutu

Nina binamu yangu ni mlinzi. Jina lake silitaji, wala la kampuni yake, maana ana mke na watoto wawili, na mshahara ule mdogo ndio unaowalisha. Analinda godauni moja kandokando ya Barabara ya Kilwa. Kila jioni hukabidhiwa shotigani kuukuu na risasi tano. Anatia saini. Asubuhi anarudisha shotigani na risasi tano. Anatia saini. Ikipungua moja, anakatwa mshahara.

Usiku mmoja, saa tisa na ushei, wezi waliruka ukuta. Binamu akaelekeza bunduki juu, akavuta kifyatulio awatishe. Ka! Kimya. Wezi nao, kwa bahati, hawakusubiri kujua kulikoni. Walirudi kwa njia waliyoijia. Binamu akabaki peke yake na bunduki iliyomsaliti. Unajua alifanya nini? Aliigeuza, akawasha tochi, akachungulia ndani ya mtutu aone kilichokwama!

Kati ya jicho lake na tundu lile hapakuwa na hata shubiri. Mwenzake, mzee aliyewahi kupita jeshini, ndiye aliyemrukia na kuusukuma mtutu pembeni huku akimtukana matusi ambayo mhariri hatayapitisha. Risasi haikulia. Lakini sikiliza mwisho wa kisa, maana ndio ulionisukuma kushika kalamu.

Kulipopambazuka binamu alimpelekea msimamizi wake ile risasi. "Afande, hii imegoma." Msimamizi akaigeuza, akatazama kitakoni, akaona kidonda kidogo pale sindano ilipopiga. Akamrudishia. "Ulichukua tano, umerudisha tano, hesabu iko sawa. Iweke, siku nyingine italia."

Italia! Italia lini, na wapi, na mbele ya uso wa nani? Msimamizi hakusema. Kwa miezi kadhaa binamu yangu aliipakia risasi ile ile kila usiku, kwa sababu bei yake katika daftari la kampuni ilikuwa kubwa kuliko bei ya jicho lake.

Fataki, baruti na kichwa

Tuelewane kwanza risasi ni nini. Watu wengi wakisema risasi wanafikiria kile kichwa kinachoruka. Kumbe risasi nzima ina sehemu nne. Kuna ganda, aghalabu la shaba ya manjano, na kwa shotigani huwa la plastiki lenye kitako cha chuma. Ndani ya ganda kuna baruti. Mbele kuna kichwa, au vile vidonge vya shotigani. Na kitakoni, katikati, kuna kifuko kidogo chenye dawa kali. Hicho ni kiwashio, wengine wanakiita fataki.

Fataki ndiyo mwenye nyumba. Dawa yake hukasirika kwa kupigwa, kusuguliwa au kupata joto. Sindano ya bunduki inaigonga, inatoa cheche, cheche inawasha baruti, baruti inageuka gesi ya moto, na gesi inamsukuma kichwa nje ya mtutu. Yote hayo hutendeka kufumba na kufumbua.

Sasa risasi ikigoma maana yake hatua moja katika hizo imekatika. Pengine sindano imechakaa ikagonga kwa unyonge. Pengine mafuta au unyevu umeingia kwenye fataki. Pengine risasi ni ya zamani mno, imekaa kwenye joto la Dar es Salaam ndani ya kabati la bati. Lakini baruti bado imo, na fataki huenda nayo bado imo. Kilichokosekana ni kukutana tu, na kesho wanaweza kukutana mfukoni mwako.

Kugoma ni kwa namna tatu

Namna ya kwanza ni kugoma moja kwa moja: ka, halafu kimya, na kimya kinaendelea.

Namna ya pili ni kuchelewa. Fataki imewaka kinyonge na baruti inashika moto taratibu. Mara nyingi ucheleweshaji huo haufiki hata sekunde moja, lakini unaweza kuzidi hapo, na wewe uliyeshika bunduki huna njia ya kutofautisha kimya cha kugoma na kimya cha kuchelewa. Vyote vinasikika sawasawa. Ndiyo maana anayechungulia mtutu, au anayeifungua bunduki upesi upesi, anacheza kamari na kichwa chake.

Namna ya tatu ni kukohoa. Badala ya mlio unasikia "puf", na bunduki hairudi nyuma begani kama kawaida. Hapo huenda kichwa kimetoka kwenye ganda lakini kimekwama katikati ya mtutu. Ukipakia nyingine ukafyatua, gesi inakosa njia na mtutu unapasukia mikononi mwako. Hii ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu mtu mwenye hofu husema "ngoja nijaribu nyingine".

Kwa hiyo wewe mlinzi, wewe mgambo, wewe mwenye kibali cha bunduki ya shambani, kata maneno yafuatayo uyaweke mfukoni.

Bunduki ikigoma, usiishushe, usiigeuze. Mdomo wake ubaki palepale ulipoelekea, mahali pasipo na mtu. Toa kidole kwenye kifyatulio. Hesabu polepole hadi sitini. Usichungulie mtutu, hata kama umeambiwa na mkubwa wako. Sitini ikitimia, toa risasi huku uso na mwili wako viko pembeni, na kiganja chako kisifunike tundu inapotokea. Kama ni shotigani ya kukunja, usiikunje kabla ya muda huo, kwa sababu risasi iliyochelewa ikilipuka chemba ikiwa wazi, ganda litapasuka na kukurudia wewe.

Kama imekohoa, kazi ya bunduki hiyo imekwisha siku hiyo. Subiri vilevile, toa risasi zote, mkabidhi fundi wa silaha. Usijifanye fundi kwa kutumia waya wa mwavuli.

Na risasi iliyogoma isirudi katika kundi la wenzake. Itengwe kwenye chombo chake chenye alama, mbali na moto na jua, tena mbali na watoto, mpaka ikabidhiwe. Isijaribiwe tena. Wanajeshi wana taratibu zao na wamefundishwa. Wewe na mimi hatujafundishwa.

Inakwenda wapi?

Hapa ndipo penye kitendawili, ndugu msomaji. Tuseme umetii yote hayo. Umeitoa, umeitenga. Sasa uipeleke wapi?

Binamu yangu aliniuliza swali hilo nami nikakosa jibu. Alikuwa amefikiria kuitumbukiza chooni. Alikuwa amefikiria kuitupa baharini pale feri. Alikuwa amefikiria kuitia kwenye moto wa takataka, "iishe yenyewe". Nikamwambia afadhali hata msimamizi wako.

Risasi ndani ya moto hailali. Ganda hupasuka, na kwa kuwa hakuna mtutu wa kuiongoza, vipande vya shaba hurukia kokote. Nguvu yake ni ndogo kuliko risasi iliyotoka bundukini, lakini jicho la mtu halihitaji nguvu kubwa. Ukiitupa jalalani, gari la taka litaipeleka dampo la Pugu Kinyamwezi, na dampo lina moto unaofuka na lina vijana wanaochambua kwa mikono mitupu. Ukiitia chooni, iko siku choo kitazibuliwa, na anayezibua ni mtoto wa mlalahoi mwenzako. Bahari nayo ina wavuvi na nyavu zao. Kwa kifupi, hakuna mahali panapoitwa "kule" katika "tupa kule". Kule ni kwa mtu mwingine.

Nimeliona hilo kwa macho yangu kwenye mizani ya vyuma chakavu, huku huku kwetu. Dogo wa miaka kumi na miwili hivi alimwaga mfuko wa sandarusi: misumari, bawaba, koki mbovu, na katikati yake risasi moja nzima, imeota kutu ya kijani. Mwenye mizani aliitazama akaona shaba tu. Shaba ina bei yake na chuma kina bei yake, lazima vitenganishwe. Akachukua nyundo.

Mimi nilirudi nyuma ya ukuta. Aligonga mara tatu, ganda likaachia, baruti ikamwagika mavumbini kama pilipili manga. Haikulia. Alimlipa dogo akaenda zake. Nilitoka nyuma ya ukuta nikiwa mzima kabisa, na ndipo nilipokumbuka kwamba sikumwambia yule mtoto akimbie. Hilo linaniuma mpaka leo, na sehemu ya makala hii ni deni langu kwake.

Siku hiyo ilikuwa bahati. Siku nyingine bahati haikuwapo. Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga, wilayani Ngara, mkoani Kagera, bomu la kutupa kwa mkono lililipuka. Wanafunzi watano walikufa na zaidi ya arobaini wakajeruhiwa. Mtoto alikuwa ameliokota akidhani ni chuma chakavu cha kuuza. Ngara iko mpakani, jirani na Burundi na Rwanda, na vita vya majirani viliacha masalia porini. Mtoto yule hakuwa mwasi wala jambazi. Alikuwa anatafuta hela kidogo, kama dogo wa kwenye mizani.

Sisi wa Mbagala tunaijua

Aprili 29, 2009, siku ya Jumatano, nilikuwa na umri wa miaka tisa. Mwalimu alikuwa ubaoni. Mlio wa kwanza tulidhani ni tairi la lori. Wa pili uliondoa vioo vya madirisha. Ghala la silaha la kambi ya jeshi ya Mbagala lilikuwa linalipuka, na tulikimbia bila kujua tunakimbilia wapi. Mama nilimwona kesho yake. Watu zaidi ya ishirini walikufa, maelfu ya nyumba zikapata madhara.

Haikupita hata miaka miwili. Usiku wa Februari 16, 2011, ikawa zamu ya Gongo la Mboto. Tena watu zaidi ya ishirini wakafa, uwanja wa ndege ukafungwa, na familia zikalala Uwanja wa Uhuru zikitafuta watoto wao.

Kwa nini nayaleta hayo katika habari ya risasi iliyogoma? Kwa sababu ghala linapolipuka, si kila bomu lililomo hulipuka. Mengi hurushwa nje mazima. Bomu lililorushwa hivyo limechomwa, limepigwa, limebamizwa chini kwa kishindo, na kile kidude chake cha kulilipua huenda kimekwisha kujiandaa. Kwa nje ni chuma kimya. Hilo nalo ni risasi iliyogoma, ila ni kubwa zaidi.

Nasi watoto tuliporudi Mbagala tulifanyaje? Tuliokota! Nani alitukalisha chini akatuambia tusiokote? Mimi nilikuwa na changu, kizito, chenye ncha, nilikilaza chini ya kitanda chetu karibu na kichwa cha mdogo wangu. Baba alipokiona hakunichapa. Alitutoa wote nje taratibu, mmoja mmoja, akaenda kumwita mjumbe. Askari walikuja wakakichukua. Hawakusema kilikuwa nini, na baba hakuthubutu kuuliza.

Wataalamu wanajua jambo jingine. Baruti ya kisasa huoza polepole. Kiwandani hutiwa dawa ya kuituliza, na dawa hiyo hupungua mwaka hadi mwaka, na joto huiharakisha. Ikiisha, baruti inaweza kujipasha moto yenyewe hadi ikawaka. Sisemi kwamba ndicho kilichotokea Mbagala au Gongo la Mboto. Nasema hiyo ndiyo sababu nchi zenye akili hupima baruti zao na kuziharibu kabla hazijazeeka. Lagos waliipata fundisho Januari 2002, wakafa watu zaidi ya elfu moja. Maputo waliipata Machi 2007, zaidi ya mia moja. Brazzaville Machi 2012, zaidi ya mia mbili. Kila mara ghala lilikuwa katikati ya watu.

Wapo wakubwa wanaotujibu kwamba wananchi ndio walioifuata kambi. Sawa, tukubali. Lakini barabara zilichongwa na nani? Umeme ulivutwa na nani? Shule niliyosoma mimi ilisajiliwa na nani? Au navyo vilijivuta vyenyewe gizani?

Panya wa Morogoro

Usidhani nchi hii haina ujuzi. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa na kufundishwa hapa Tanzania, akapelekwa Kambodia, akagundua mabomu na milipuko zaidi ya mia moja. Mwaka 2020 alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la hisani la Uingereza, akafa Januari 2022 akiwa mstaafu mwenye heshima zake.

Sasa angalia buku yule alivyofundishwa. Akinusa bomu hachimbui, hang'ati, wala haliburuti akaliuze. Anakwaruza ardhi kidogo juu yake, basi. Binadamu mtaalamu ndiye anayekuja kulilipua palepale lilipo. Panya kafundishwa: ukiona, simama, onyesha, ondoka. Kijana wa Mbagala hajafundishwa hata hilo moja! Tumempita panya kwa vidato, lakini yeye ametupita kwa somo.

Na kama unasema lililozeeka halidhuru, nenda Ubelgiji. Vita Kuu ya Kwanza ilikwisha 1918. Mpaka leo wakulima wa huko wakilima wanaibua makombora, na Machi 2014 vibarua wawili wa ujenzi walikufa karibu na mji wa Ypres kwa kombora la vita hivyo. Miaka mia moja ardhini haikuliua! Lakini mkulima wa Ubelgiji akiliona, anaita polisi, jeshi linakuja na gari lake kulichukua. Hakuna anayemuuliza: "Wewe ulilipata wapi, na wenzako wako wapi?"

Tunachodai

Hapo ndipo kiini cha maneno yangu. Kwa sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi, kukutwa na risasi bila kibali ni kosa. Sawa, sheria hiyo ina maana yake, nami sitaki jambazi atembee na mfuko wa risasi. Lakini mfikirie dogo wa kwenye mizani. Ameokota risasi. Akienda kituoni, anahofia kulala ndani. Akienda kwenye mizani, anapata hela ya chapati. Wewe ungekuwa yeye ungekwenda wapi?

Serikali imewahi kutangaza vipindi vya msamaha wa kusalimisha silaha bila kushitakiwa. Ni jambo jema, nalisifu bila kinyongo. Lakini risasi haigomi kwa kufuata kalenda ya msamaha. Inagoma saa tisa usiku, mwezi wowote. Basi mlango wa kusalimisha risasi mbovu na mabomu ya kuokotwa uwe wazi mwaka mzima, na ibandikwe wazi kwenye kila kituo cha polisi na kila ofisi ya serikali ya mtaa: atoaye taarifa hahojiwi kama mhalifu. Na kwa bomu la kuokotwa asitakiwe hata kulibeba. Aseme liliko, wataalamu walifuate.

Pili, kampuni za ulinzi zisiruhusiwe kumkata mlinzi mshahara kwa risasi iliyogoma. Iandikwe daftarini kuwa imegoma, ipelekwe polisi, apewe nyingine. Wataalamu wanajua jinsi ya kuziharibu, ama katika tanuru maalumu la chuma kinene, ama kwa kuzilipua kwa pamoja mahali pasipo na watu. Mlinzi anayelinda mali ya mamilioni asilazimishwe kubeba kifo cha kukopa.

Tatu, shule za Mbagala, Gongo la Mboto na za mipakani zifundishe somo la buku: simama, usiguse, weka alama kwa mbali, ondoka kwa njia uliyoijia, toa taarifa. Ni somo la nusu saa. Halihitaji mfadhili.

Wapo watakaosema mambo ya silaha ni siri za taifa, magazeti yanyamaze. Mimi nasema: idadi ya mabomu ghalani iwe siri, nakubali. Lakini namna ya kutokufa haiwezi kuwa siri. Kwa muda mrefu mno siri zimekuwa za wakubwa na vipande vimekuwa vya wadogo. Tusikae tukisubiri hisani. Wafugaji wa Kenya, Wasamburu na Wamasai wa Archers Post na Dol Dol, waliumizwa na mabomu yaliyogoma na kuachwa malishoni baada ya mazoezi ya majeshi. Hawakunyamaza. Walijikusanya, wakatafuta mawakili, na mwaka 2002 Serikali ya Uingereza ikakubali kuwalipa zaidi ya 200 kati yao pauni milioni 4.5. Haki hiyo ilipatikana kwa watu kusema.

Nawe msomaji una sehemu yako, tena ya leo leo. Ukiona risasi kwenye mfuko wa mtoto, usifanye kama nilivyofanya mimi nikakimbilia nyuma ya ukuta peke yangu. Piga kelele. Mzuie mwenye nyundo. Mwondoe mtoto. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mwende pamoja kituoni, mkiwa wengi, ili asiwepo wa kugeuziwa kibao.

Binamu yangu? Mwezi uliopita yule mzee mwenzake aliichukua ile risasi, akaifunga kwenye kopo, akaenda nayo mwenyewe mpaka kituoni na barua ya mkono. Ilipokelewa. Mwisho wa mwezi, wote wawili wakakatwa mshahara nusu kwa nusu.

Niliwauliza kama wanajuta. Mzee akasema yeye ana macho mawili na hajui duka linalouza la tatu.